Mashua ya kwanza ya familia: ikilala upande, nini kinaiinua?

"Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 9. Mwaka jana nilisoma kozi ya kuendesha mashua ya tanga, na tangu hapo natamani kuwatoa wote majini siku za mapumziko, tutoke asubuhi na kurudi kabla jua halijazama. Maji yetu yamekingwa, si bahari kuu, ila mchana upepo huamka. Nimeona mashua tatu zilizotumika. Ya kwanza ni ya mita 6.5, ina kijumba kidogo na mkuku mzito wa chuma, ule uti unaoshuka chini ya tumbo lake. Ya pili ni ya wazi, karibu mita 5, na badala ya mkuku ina ubao wa kushusha na kuinua. Ya tatu ni ya mashindano, nyembamba, ya watu wawili, nayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Mume wangu, ambaye kuogelea kwake ni kwa kubahatisha, anasema tuchukue ile kubwa kwa sababu haipinduki. Mwalimu wangu anasema tuanze na ya wazi. Mimi naogopa hiyo ya wazi itatumwaga majini na watoto wakiwemo. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, ndani ya swali lako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni mashua ipi ni ngumu kupinduka. La pili ni ipi itawatunza nyinyi wanne siku mambo yakienda mrama. Mumeo anajibu la kwanza, mwalimu wako anajibu la pili, ndiyo maana hawaelewani ingawa wote wana hoja. Nikuambie mapema ninakoegemea ili usome ukiwa umetulia: kwa maelezo uliyonipa, ningechukua ile ya wazi, kwa masharti nitakayoyataja. Ile ya mashindano ningeiacha hata kama ingetolewa bure. Na ile kubwa si chaguo baya. Zipo hali ambazo mumeo atakuwa sahihi kabisa, nami nitazieleza.

Chombo chochote chenye tanga hulala upande kidogo upepo unapokisukuma. Hilo peke yake si dalili ya hatari. Cha kujua ni nini kinachokirudisha, na vitu vyenyewe ni vitatu tu: upana wa umbo lake, uzito wa watu waliomo, na uzito uliowekwa chini kabisa, yaani farumi, ambayo kwenye mashua kama ile kubwa imo ndani ya mkuku.

Ile ya wazi hutegemea upana na watu. Ni kama mtu aliyesimama ameachanisha miguu: ukimsukuma kidogo hatikisiki, lakini ukimpitisha mahali fulani huanguka moja kwa moja. Ukiingia ndani yake ikiwa imetulia utaiona imara sana. Upepo ukiilaza, ubavu unaozama husukumwa juu na maji, nanyi mkihamia ubavu wa pili, upande upepo unakotoka, mnaongeza nguvu ya kuirudisha. Nguvu hiyo hukua mpaka pembe fulani, kisha hupungua haraka. Ukingo ukishazama na maji yakaanza kumiminika ndani, nafasi ya kusahihisha imepita.

Yenye mkuku mzito hufanya kinyume. Mwanzoni hulala kirahisi, tena kwa namna inayomtia mgeni hofu. Lakini kadiri inavyozidi kulala ndivyo uzito wa chini unavyozidi kuivuta irudi, na tanga nalo likishainama hupokea upepo kidogo. Kwa hiyo siku ya kwanza mumeo anaweza kupiga kelele ndani ya ile kubwa wakati hakuna hatari yoyote, na akakaa ametulia tuli ndani ya ile ya wazi wakati imebaki kidogo tu ipinduke. Mwenye kozi ni wewe, basi mweleze hili kabla hamjatoka, kwa sababu hofu yake itakuwa inampa habari zisizo sahihi kote kuwili.

Sasa hilo dai la kwamba ile kubwa haipinduki. Kwenye maji yaliyokingwa, mashua yenye mkuku mzito kupinduka kabisa ni nadra. Hapo amesema kweli. Ila upepo wa ghafla unaweza kuilaza mpaka maji yaingie kupitia mlango wa kijumba ulioachwa wazi, na chuma kile kile kinachoiinua ndicho kitakachoivuta chini ikijaa. Ya wazi iliyotengenezwa vizuri ina vyumba vya hewa vilivyozibwa, au povu jepesi chini ya viti. Hata ikipinduka na kujaa maji bado inaelea, nanyi mmeishikilia. Muulize muuzaji wa ile kubwa: ikijaa maji mpaka juu, itaelea? Baadhi ya mashua za ukubwa huo ziliwekewa povu la kutosha, nyingine hazina kabisa. Muulize pia kama mkuku umefungwa moja kwa moja au unainuliwa kwa winchi na waya. Kama unainuliwa, akuonyeshe unavyofungwa ukiwa chini, maana mkuku usiofungwa unaweza kurudi ndani wakati mashua imelala, yaani wakati ule ule mnaouhitaji.

Kuna kosa jingine ambalo wanaoanza hulifanya kuhusu ule ubao wa katikati. Wengi hudhani ukishushwa unafanya kazi ya farumi. Haufanyi. Mara nyingi ni mwepesi, na kazi yake ni kuizuia mashua isisukumwe ubavuni, ili nguvu ya upepo igeuke kuwa mwendo wa kwenda mbele na muweze kubisha, yaani kwenda kwa pembe kuelekea upepo unakotoka. Bila ubao mtaburutwa tu uelekeo wa upepo. Lakini msijifariji kwamba ukiwa chini hampinduki.

Nirudi kwenye hofu yako ya kumwagwa majini, kwa sababu ndiyo kiini cha swali lako, na sitaki kuipuuza. Mashua ya wazi inaweza kupinduka, na mkiwa nayo kwa miaka, chukulieni kwamba siku moja itapinduka. Ndiyo sababu imeundwa iinuliwe na watu waliomo. Ikilala, mlingoti hukaa juu ya maji, tanga limelowa na kubandama usoni pa maji, na ubao unachomoza pembeni mwa tumbo la mashua karibu na uso wa maji. Kwanza mnaita majina mpaka kila mmoja aitike. Kisha kamba za matanga zinaachiwa zote, la sivyo mkiiinua upepo utalijaza tanga na kuilaza mashua tena. Mmoja huzunguka upande wa chini, hushika ubao, hujivuta juu yake, hushika kamba inayotoka ubavu wa juu na kujilaza nyuma kwa uzito wake wote. Mwanzoni hutaona kitu. Kisha maji huanza kuteleza kwenye tanga, ncha ya mlingoti huinuka kidogo, na ikishaanza, huja haraka. Wa pili anakaa majini ndani ya ubavu uliolala, ameshika mkanda wa sakafuni, ili mashua ikisimama imzoe na kumwingiza ndani. Huyo ndiye anayewapokea watoto na kuanza kufua maji kwa ndoo.

Ukisoma hivyo unaona mara moja maswali ya kuuliza. Je, wewe peke yako, kwa uzito wako, unaweza kuiinua iwapo mumeo amepatwa na kiwewe? Kuna mashua pana za mita 5 na zaidi ambazo mtu mmoja mwepesi hujaribu mpaka nguvu zinamwishia. Je, mashua ikishalala hubaki imelala, au huendelea kugeuka mpaka mlingoti unaelekea chini? Zenye vyumba vikubwa vya hewa ubavuni huelea juu juu na kugeuka kabisa kwa haraka, na kuirudisha kutoka hapo ni kazi nzito mara nyingi zaidi. Dawa yake ni rahisi: boya linalofungwa kwenye ncha ya mlingoti. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 6, kwangu boya hilo ni la lazima, liwe limekuja na mashua au mlinunue wenyewe. Linapunguza pia ile hatari mbaya zaidi, ya mtoto kujikuta chini ya mashua amezungukwa na kamba. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto hafungwi kwenye mashua hata siku moja, kwa kamba yoyote.

Fanyeni zoezi la kupinduka kwa makusudi, wewe na mumeo, maji yakiwa tulivu, karibu na ufuo, boti ya msaada ikiwa kando, watoto wakiwatazama kutoka nchi kavu. Jaribuni pia kupanda ndani kutoka majini. Ubavu wa mashua ya mita 5 unaonekana mfupi ukiwa umesimama, lakini ukiwa majini umevaa jaketi la kuokolea maisha ni ukuta. Kitanzi cha kamba kinachoning'inia tezini, yaani nyuma ya mashua, kirefu cha kutosha mguu kuingia, humsaidia mtu mzima aliyechoka kuliko ngazi nyingi za madukani. Mkishalifanya zoezi hilo mara mbili tatu, mtajua kwa hakika, si kwa kuambiwa, kama mashua hiyo ni saizi yenu. Kama hamuwezi kuiinua, hilo ni jibu nalo, na ni afadhali mlipate kabla ya kununua: ombeni kukodi ya aina hiyo kwanza.

Ile ya mashindano nitaimaliza upesi. Umbo lake jembamba linadai watu wawili wepesi wanaohamahama kila sekunde ili isilale, tanga lake ni kubwa kwa uzito wake, na mtu wa tatu hana pa kukaa, sembuse wa nne. Ukiijaza watu inazama chini ya mstari wake na hata usukani unakuwa mzito. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Kazi yenu ni nyingine.

Sasa muda. Watu wengi wanaonunua mashua kubwa ya kwanza hawashindwi na bahari, wanashindwa na nchi kavu. Mashua ya mita 6.5 yenye mkuku wa chuma hufikia kama tani moja. Inahitaji gari lenye nguvu la kuivuta, au sehemu ya kudumu ya kuiegesha majini. Mlingoti wake ni mrefu, na kuusimamisha kila mara ni kazi ya watu kadhaa. Mkuku usioinuka unahitaji kina cha mita moja au karibu na hapo, hivyo ufukweni hamfiki. Watoto wanaona mchanga na hawaugusi. Ukikwama wakati maji yanakupwa, mtasubiri mpaka yajae, mashua ikiwa imelala ubavu. Mashua ya wazi ya mita 5, ubao ukiinuliwa, huelea kwenye maji ya sentimita 20 hivi. Unaileta hadi ufuoni, watoto wanashuka, mnakula, mnaondoka. Kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tofauti hii ina uzito kuliko kijumba. Mtoto wa miaka 6 aliyesubiri saa moja na nusu mkifunga waya na kutweka tanga, amekwisha kuchoka kabla hamjaondoka.

Kwa hiyo mwombe kila muuzaji aifunge mashua yake mlingoti na matanga mbele yako, tangu ilipo kwenye trela mpaka iwe tayari kuelea, nawe tazama saa. Kisha uifunge wewe na mumeo. Muda wenu wa mara ya tatu ndio utakaokuambia kama mtatoka kila wiki au mara mbili kwa mwaka. Mkiwa katika kazi hiyo, angalieni juu kabla ya kusimamisha mlingoti na kabla ya kusogeza trela: mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme huua, na hilo limekwisha kutokea kwenye maegesho, mbali kabisa na mawimbi.

Umesema mchana upepo huamka. Hapo pana fizikia ndogo inayofaa kukaa kichwani: nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukipanda kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 30, haujawa na nguvu mara mbili, umekuwa na nguvu mara nne. Mashua iliyokuwa ikienda kwa raha asubuhi inakuwa chombo kingine baada ya chakula cha mchana. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye mashua ya familia, kabla ya rangi na hata kabla ya umbo, ni namna ya kupunguza tanga. Tanga kubwa liwe na angalau safu moja, afadhali mbili, za matundu na kamba za kulikunjia chini, na tanga la mbele liweze kuzungushwa likajifunga lenyewe au kutuliwa kwa mkupuo mmoja. Mashua nyingi za mashindano hazina hata tundu moja. Fundi wa matanga anaweza kuyaongeza, na kazi hiyo inalipa.

Kipimo cha kutumia macho ni vilele vya mawimbi. Katika kipimo cha upepo kiitwacho Beaufort, nguvu 3 ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Hapo vilele vyeupe huonekana kimoja kimoja, na kwa mashua ya wazi huo ni upepo mtamu. Nguvu 4 ni kilomita 20 hadi 28, na weupe umeenea kila mahali. Familia inayoanza ikiona hivyo, tanga liwe limekwisha kupunguzwa au mashua iwe imekwisha kurudi ufuoni. Lipunguzeni kabla ya kuondoka kama mna shaka. Kulifungua tena majini ni rahisi. Kulikunja wakati mtoto analia na tanga linapigapiga ni shida.

Jambo linaloambatana na hilo: kamba ya demani, ile inayovuta na kuachia tanga kubwa, ishikwe mkononi muda wote, isifungwe. Upepo ukipiga ghafla, ukiiachia, tanga linapoteza nguvu na mashua inasimama wima. Ikiwa imefungwa na fundo limekaza, ndipo watu hupinduka. Mtoto wa miaka 9 anaweza kufundishwa kushika ya tanga la mbele, na atapenda.

Angalieni pia ule mti unaoshika ukingo wa chini wa tanga kubwa. Upepo ukitoka nyuma, tanga linaweza kuvuka ghafla kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na mti ule huvuka nalo kwa nguvu ya kupasua kichwa. Wakalisheni watoto mahali watakapokaa, kisha uuzungusheni mti polepole kwa mkono muone unapita wapi. Ukipita usawa wa masikio ya mumeo akiwa ameketi, pigeni hesabu upya. Zipo mashua ambazo tanga kubwa halina mti huo kabisa. Drascombe Lugger, ambayo ni ya wazi na ina urefu wa karibu mita 5.7, ni mfano unaojulikana sana, na wazazi wengi wameipenda kwa sababu hiyo tu. Haibishi vizuri kama nyingine, lakini kwa matembezi ya mchana hilo si hasara kubwa.

Kwa kuwa utakutana na majina mengi, nikutajie mawili zaidi ya aina ninayoisema. Wayfarer ilibuniwa na Ian Proctor mwaka 1957. Ina mita 4.82, na bila matanga wala mlingoti ina kilo 170 hivi. Flying Scot, ya Marekani, nayo ni ya 1957, ina mita 5.8 na ni nzito zaidi na pana zaidi. Watatokea watu wa kukuambia kwamba Frank Dye, Mwingereza mpenda mashua ndogo, alikwenda na Wayfarer kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka uliofuata, akielekea Norwei, dhoruba iliipindua mashua yake na kumvunjia mlingoti. Habari zake zinaonyesha umbo la mashua linaweza kuvumilia nini likiwa na nahodha wa aina yake. Haziwahusu nyinyi wala mtoto wa miaka 6. Na ukiambiwa umnunulie mtoto mkubwa Optimist yake mwenyewe, ile ya mita 2.3, ni wazo jema kwa mwaka ujao, lakini ni chombo cha mtoto mmoja na haitawabeba pamoja.

Mashua iliyouzwa kama mpya Ulaya tangu 1998 inatakiwa kuwa na kibao cha mtengenezaji kinachotaja daraja lake, idadi ya watu na uzito wa juu. Daraja D ni la upepo usiozidi nguvu 4 na mawimbi ya kawaida yasiyozidi sentimita 30. Daraja C linafika nguvu 6 na mawimbi ya mita 2. Kila mtu huhesabiwa kilo 75. Kibao kikisema watu wanne, maana yake inawabeba bila kuzidiwa, wala haimaanishi kwamba wanne hao watapata nafasi ya kufanya kazi. Mashua za zamani hazina kibao hiki, na si kosa lake.

Hizi zote tatu zimetumika, hivyo ukaguzi ni muhimu kuliko jina. Chukua bisibisi, uigeuze, ugonge kwa mpini wake sakafu na sitaha, hatua kwa hatua. Fibaglasi nzima hutoa sauti kavu, kali. Ukifika mahali sauti inafifia na kuwa butu, simama: mara nyingi ubao wa ndani umelowa na kuoza, au matabaka yameachana. Kanyaga hapo kwa kisigino uone kama panabonyea. Kisha lala kifudifudi umulike tochi ndani ya ala ya ubao wa katikati, pale inapoungana na sakafu. Huko ndiko mashua za wazi huchoka kwanza, kwa sababu ubao hubeba nguvu yote ya upande. Nyufa nyembamba za rangi ya juu hazitishi. Ufa unaofunguka ukisukuma ubao kwa mkono unatisha.

Fungua vifuniko vya vyumba vya hewa. Kama kuna maji ndani, uliza yalipitia wapi. Povu lililonyonya maji halikaushiki kirahisi, na linaongeza uzito huku likipunguza kuelea, yaani linakunyima kitu kile kile ulichokuwa unakinunua. Pitisha kitambaa juu ya waya za mlingoti, usitumie kidole. Uzi uliokatika utanasa kitambaa, na kwa kawaida hukatika pale waya unapoingia kwenye kishikio chake. Waya wenye hata uzi mmoja uliokatika unabadilishwa. Shika usukani kwa chini uutikise: kucheza kidogo ni kawaida, kugonga si kawaida. Kwenye matanga, kwangua mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, jua limekwisha kuula, hata kama kitambaa bado kinang'aa. Ukaguzi wa ile kubwa ni wa mtaalamu. Boliti zinazoshika mkuku hushikwa na kutu mahali jicho halifiki, na kutu hiyo inaweza kugharimu kuliko mashua yenyewe. Usilipe kabla mkaguzi wa vyombo hajaiona ikiwa nchi kavu.

Sasa zile hali ambazo ningemfuata mumeo. Kama maji yenu ni baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, mambo hubadilika kabisa: mwili ukitumbukia ghafla pumzi hukatika, vidole hufa ganzi baada ya dakika chache, na kuinua mashua kunakuwa kazi ya kushindana na muda. Hapo mkuku mzito una thamani yake, na mtoto wa miaka 6 hana nafasi kwenye chombo kinachoweza kupinduka. Kama mna sehemu ya kudumu ya kuiegesha majini, lile tatizo la kuifunga kila mara linapungua sana. Na kama baada ya zoezi la kupinduka mumeo bado hana amani, msimlazimishe. Mtu mzima mwenye kiwewe ndani ya mashua ndogo ni hatari kwa wote. Zipo za katikati pia, za wazi lakini zenye ubao mzito au farumi kidogo chini ya sakafu. Hulala polepole zaidi na huinuka zenyewe kutoka pembe kubwa, ingawa ni nzito zaidi kuvuta. Ukiipata moja yenye povu la kutosha la kuielesha, ningeipa nafasi sawa na hiyo uliyoiona.

Hata hivyo mumeo, kwa mashua yoyote mtakayochagua, ajifunze kuelea na kuogelea kwanza. Namwambia haya kwa heshima. Jaketi lake liwe na nguvu ya kuelesha ya nyutoni 100 au zaidi, lenye kola ya kuinua kichwa. Yale ya nyutoni 50 yametengenezwa kwa watu wanaojua kuogelea na walio karibu na msaada. Watoto nao hivyo hivyo, na wao waongezewe mkanda unaopita katikati ya miguu. Pima kwa kuliinua jaketi mabegani mtoto akiwa amelivaa: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno au halijafungwa. Usinunue la kukulia.

Kuhusu usajili, leseni na bima, waulize mamlaka ya vyombo vya majini ya huko uliko kabla ya kulipa, kwa sababu sheria hutofautiana sana na muuzaji si mtu wa kumtegemea katika hilo.

Kabla ya yote, mpigie mwalimu wako aje mnapoijaribu ile ya wazi. Mtoke siku ya upepo mwepesi, wewe ukishika kana, yaani mpini wa usukani, mumeo akae katikati, mwalimu asiguse kitu isipokuwa umemwomba. Mzunguke mara kadhaa, mbishe, mrudi upepo ukiwa nyuma, mpunguze tanga mkiwa majini. Umwombe awe nanyi tena mara mbili za kwanza mtakazotoka na watoto. Kama hakuna mwalimu anayeweza kuja, chama chochote cha wanamashua kilicho karibu huwa na mtu wa kukaa nanyi asubuhi moja, na wengi wao wataona fahari kuombwa.